Nilipeleka jina la mama wa watoto wangu kanisani bila kumuuliza, akasimamisha tangazo

Wakuu, wakubwa shikamooni, na nyinyi vijana habari zenu.

Nimeusoma ule uzi wa juzi mnamolia eti mabinti wa siku hizi hawataki commitment. Nimecheka mpaka meno ya bandia nusura yatoke. Hebu niwape yangu. Chumvi siongezi, maana shahidi yuko hapa jikoni anachambua mchicha, na nikidanganya atanisuta mbele ya wajukuu.

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa stesheni pale Voi. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki.

Kanisani nilikuwa kiongozi wa vijana. Kila Jumamosi jioni, nisipopanda nyumbani, nilisimama na Biblia nikawafundisha habari za ndoa takatifu. Ungenisikia ungedhani mimi ndiye niliyesimamia harusi ya Adamu.

Shida ilikuwa moja tu. Kadi yangu ya kanisa iliandikwa sijaoa.

Na kule Ronge, juu milimani, nilikuwa na mke na watoto watatu, wa kwanza Mwakio.

Anaitwa Mghoi. Tulianza ile mnaita come we stay. Wazee wetu walikaa wakaelewana, akaja kwetu, na ya kanisani tukasema yatafuata. Miaka tisa ikapita. Kila akiuliza, nilikuwa na jibu moja: nimeliweka kwenye maombi.

Jibu tamu sana hilo, wakuu. Nani atagombana na maombi?

Sasa sikieni ubaya wenyewe. Kwa taratibu za kanisa letu, mkiishi pamoja bila kufunga ndoa hamshiriki Meza ya Bwana. Ronge kila mtu alijua hali ya Mghoi. Wenzake wakienda mbele, yeye alibaki benchi la nyuma kawashikia watoto wao. Miaka tisa, jamani.

Mimi nikiwa Voi, bachela safi, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Tena nafumba macho.

(Mnaojiandaa kunitukana kwenye comments, ngojeni kidogo, bado kuna mengine.)

Siku moja pasta wa Voi akaniita, akaniambia washirika wanataka kunipigia kura niwe mzee wa kanisa. Nilivimba kichwa. Halafu akaongeza kwamba mzee wa kanisa lazima awe na mke wa ndoa, na uchaguzi uko karibu na Krismasi.

Nikamwambia aondoe shaka, mchumba ninaye. Mchumba wa watoto watatu!

Hapo hapo nikatoa jina la Mghoi. Pasta akaandika, akauliza mchumba anasali wapi. Nikasema Ronge. Akasema basi tangazo litasomwa huku na huko, Jumapili tatu, kama desturi.

Mnadhani nilienda kumwambia mwenye jina? Wapi. Nilipanga iwe surprise. Jumamosi nikapanda Ronge, nikala, nikanyamaza, nikalala nikijiona mwanamume wa maana.

Jumapili nikavaa suti ya kijivu, nikakaa benchi la mbele upande wa wanaume. Pasta wa Ronge, mzee wa sauti ndogo, akakunjua karatasi akasoma. Kuna nia ya ndoa kati ya Jeremia wa Voi, ambaye hajaoa, na Mghoi wa hapa Ronge, ambaye hajaolewa. Mwenye kujua sababu yoyote ya kuwazuia aiseme.

Sababu huwa haisemwi. Watu hukohoa, pasta anaendelea na matangazo ya harambee.

"Mimi ninayo, pasta."

Nikageuka. Ni Mghoi, kasimama kwenye benchi lake la nyuma na mtoto wa mtu mkononi.

"Bibi harusi hajaulizwa," akasema.

Akina mama wakaangua kicheko. Pasta akavua miwani, akaniuliza kama ni kweli. Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Akasema ningeyaacha nyumbani basi, lakini nimeyaleta madhabahuni, kwa hivyo nisimame nimuulize.

Mimi, bingwa wa kufundisha commitment, nikasimama nimeshikilia benchi. Baba mkwe alikuwa benchi la pili, nikimsikia anavyopumua. Nikauliza kwa sauti ya kuombea maji kama atakubali tufunge ndoa.

Mghoi akanitazama bila haraka.

"Nitaliweka kwenye maombi, Baba Mwakio."

Akaketi.

Wakuu, niliona joto mpaka ndani ya soksi.

Nyumbani nikajifanya mkali. Nikaongea weee, habari za aibu, habari za jina langu. Yeye anaponda kimanga tu, ile mihogo yetu na maharagwe. Nilipochoka akaniuliza kitu kimoja: "Huko Voi wewe unashiriki Meza?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

Mwiko ukasimama kidogo, halafu akaendelea kuponda. Hakulia wala hakunitukana. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile ya jikoni ilizidi hata ya kanisani.

Pasta wa Ronge naye hakulala. Barua ilifika Voi kabla ya suti yangu kupigwa pasi. Nikaondolewa kwenye Meza, na vijana wangu wakapewa mwalimu mwingine.

Nikaanza kupanda Ronge kila Jumamosi kumbembeleza. Niseme ukweli, mwanzoni nilikuwa nafukuzia kura. Nikimuuliza, anasema bado anaomba. Dawa ilikuwa ya kwangu mwenyewe.

Jumapili kule Ronge nilikuwa nakaa nyuma sasa. Watu wakienda mbele, mimi nabaki nikitazama migongo yao. Nyuma kule huoni kitu kingine. Nikawa namtazama Mghoi upande wa pili, anambembeleza mtoto wa jirani, na nikahesabu hizo Jumapili za miaka tisa. Roho iliniuma. Siku moja mama mmoja akaniletea mtoto wake nimshikie, nikamshika.

Uchaguzi ukafanyika. Akachaguliwa fundi baiskeli mmoja, mtu mpole, hajui hata kuongea mbele za watu.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Ronge vilevile. Nilimkuta shambani anang'oa maharagwe, nikavua viatu nikaingia mstari wa pili. Tukang'oa mpaka karibu na mwisho wa shamba.

"Wazee wa Voi walishachaguliwa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, wiki iliyopita.

"Na bado umekuja."

"Nimekuja."

Akakung'uta udongo kwenye mizizi, akaweka maharagwe kwenye fungu.

"Basi peleka jina."

Tangazo likasomwa upya, Jumapili tatu. Kila pasta alipofika pale pa kuuliza sababu, kanisa zima liligeuka kutazama benchi la nyuma. Mghoi anarekebisha leso yake, ananyamaza. Mimi shati limelowa jasho. Jumapili ya tatu alinikonyeza.

Siku ya harusi tulienda Mezani pamoja. Alitangulia yeye, mimi nikafuata. Sikufumba macho.

Kwa hivyo vijana, mkimwambia mtoto wa watu kwamba bado mnaomba, hakikisheni kweli mmepiga magoti. Mungu wa watu mmemfanya kisingizio cha uvivu wenu, halafu mnakuja humu kulalamika wanawake wamebadilika. Muulizeni. Hamjauliza bado.

Mama Mwakio amekuja na miwani yake amesoma yote haya. Amesema niongeze kwamba suti ilikuwa ya kuazima, na kwamba yeye alikuwa amepata jibu la yale maombi tangu wiki ya kwanza.

Haya, uwanja wenu. Mwenye miaka tisa kama yangu ajitokeze, na wa kunitukana wapange foleni.