Kurasa Ishirini na Tatu Kwenye Foleni

Mchana wa Jumatano, nikiwa mwezi wa tatu wa eda, printa ya marehemu mume wangu ilianza kuchapa yenyewe.

Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mlango wa mbele nimeufunga kwa komeo. Nyumba nzima tulikuwa wawili, mimi na jiko.

Nikasikia kule chumba cha mbele: krrr, krrr, karatasi inavutwa. Ikatulia. Ikavuta nyingine.

Nikautua ungo chini, nikasoma dua nilizoweza kuzikumbuka. Miguu ilikataa kwenda mbele, ikakataa na kukimbia.

Wale mnaosema mngetoka mbio, nawauliza: mtu wa eda anakimbilia wapi?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mkianzia hapa mtasema nimepandwa na maruhani.

Mimi ni Biubwa, nakaa Dunda, hapahapa Bagamoyo. Kazi yangu ni cherehani. Mume wangu aliitwa Azzan, na kazi yake ilikuwa kwenye kile chumba cha mbele: kadi za harusi, mitihani ya madrasa, barua za vijana wanaoomba kazi kwenye miwa kule Makurunge.

Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Fundi mmoja alimwambia aitupe. Azzan akajifunza mwenyewe kwenye simu, akaiwekea Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ile nyepesi ya mashine kuukuu, na kompyuta ikafufuka.

Kuanzia siku hiyo hakuna mgeni aliyekunywa chai kwangu bila kuhubiriwa Linux.

Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera. Hahifadhi kitu. Anaandika, anachapa, basi. Wala kompyuta haizimi, anaifunika tu kama chungu.

Nikimuuliza, ananijibu, "Ikishatoka kwenye karatasi imeshazaliwa. Ya nini niirudishe tumboni?"

Ishikeni hiyo tabia, tutaihitaji.

Kama mwezi mmoja kabla hajafariki, aliisasisha ile kompyuta, na printa ikagoma. Draiva ndiyo iliyoleta kisirani, yaani kile kiprogramu kinachoifanya kompyuta ielewane na printa.

Azzan akahamia chumba cha mbele. Anatoka kula na kuswali, anarudi.

Mimi na yeye Mungu hakutujaalia mtoto. Yeye ndiye alikuwa maongezi yangu yote. Sasa nina mume ndani ya nyumba na simpati, naongea na cherehani.

Siku moja nikamwambia, "Azzan, si uioe tu hiyo kompyuta, nijue moja kwamba nina mke mwenza."

Zamani angecheka. Siku hiyo alisema, "Subiri kidogo, Biubwa. Nakaribia."

Nikanuna. Na mimi nikinuna nanuna kweli, hamnijui. Wiki mbili nikamkatia maneno.

Jumanne moja baada ya alasiri nikampelekea chai. Nikaiweka kwenye kigoda, kimya.

Akasema, "Ahsante, mke wangu."

Sikumjibu.

Niliporudi kuchukua kikombe, chai ilikuwa imekwisha, na yeye kalaza kichwa mezani kama aliyesinzia. Moyo, walisema watu wa hospitali.

Mpaka arobaini nyumba ilijaa watu. Baada ya hapo wakapungua, mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine ana biashara, siwalaumu. Eda ni miezi minne na siku kumi, hutoki, na kuta zinakuwa zimeshakusikiliza mpaka zimechoka.

Nilikuwa nikiingia chumbani natoa salamu kwa mazoea, halafu nakumbuka hakuna wa kuitikia.

Lakini kilichokuwa kinanila si upweke peke yake. Ni ile ahsante. Na ni kutojua mume wangu alinikimbia mwezi mzima wa mwisho kwa ajili ya kitu gani.

Ndipo akaja Muataz, mtoto wa dada yake Azzan, mwenye duka la steshenari Msata. Akasimama barazani, mimi ndani, pazia katikati yetu, ndivyo eda inavyotaka.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Kasema nije kuichukua ile kompyuta ya mjomba na printa yake, zinakaa bure. Jumamosi ijayo nakuja na gari."

"Utaifanyia nini?"

"Nafuta kila kitu, naweka Windows. Hizi Linux zinasumbua tu. Kazi ya nusu saa."

"Na vilivyomo?"

"Hamna kitu, mkaza mjomba. Siku za matanga betri ilikwisha ikazimika, nikaiwasha nikaichungulia. Folda tupu. Mjomba alikuwa akikaa tu pale."

Alikuwa akikaa tu pale. Yale maneno yalinichoma. Yaani mwezi mzima mume wangu aliona bora kukaa na mashine yenye folda tupu kuliko kukaa na mimi.

"Sawa," nikamwambia, "Jumamosi. Lakini mpaka siku hiyo asiiguse mtu."

"Unataka kuifanyia nini?"

"Nataka kuikagua."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Na haki yake. Mimi nilichokijua kwenye kompyuta ni kuiwasha na kuipangusa vumbi.

Jioni ile nikakaa kwenye kiti cha Azzan. Nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza chapa. Mtanisamehe, nilichoandika nitawaambia baadaye.

Printa haikutikisika.

Nikajiunga na kundi la Telegram la watu wa Linux wa hapa nchini, jina nikaweka herufi moja tu, B. Nikaeleza shida yangu. Akajibu kijana mmoja wa Tanga, Twalha.

"Mkuu, usitume tena kuchapa, utajaza foleni bure, kila unachotuma kinapanga mstari mle ndani kungoja kuchapwa. Kwanza piga picha inachosema."

Mle ndani wote waliniita mkuu. Sikuwasahihisha. Miezi mitatu nilikuwa mjane tu, mkiwa, maskini Biubwa. Nikaona si vibaya nikiwa mkuu siku mbili tatu.

Nikaanza kazi kwa akili ya cherehani. Cherehani ikiruka nyuzi hubadilishi kila kitu kwa mpigo. Unabadilisha sindano, unajaribu. Unalegeza uzi, unajaribu. Kimoja kimoja, na unakumbuka ulichogusa.

Waya ulikuwa mzima. Simu nikaichomeka kwenye kompyuta ili ipate intaneti, bando likawa linayeyuka naliona. Nywila ya Azzan niliikuta imebandikwa chini ya printa, kwa mwandiko wake.

Nikashusha draiva upya. Nikaiweka kwa kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi, herufi kwa herufi. Nukta moja ikikosewa inakugomea, unaanza tena. Siku mbili zikaenda hivyo.

Siku ya tatu, nikijua nimemaliza, ikaniambia: faili halipo.

Nikafungua folda. Faili lile pale, jina lilelile, naliona. Narudi kwenye dirisha jeusi, linasema halipo.

Nikajikuta nabishana nayo kwa sauti. "Lipo. Naliona. Macho yangu haya." Sauti yangu mwenyewe ikanishtua, maana tangu asubuhi nilikuwa sijaisikia.

Nikamwandikia Twalha. Akajibu, "Mkuu, faili lipo kweli. Ila draiva hiyo ni ya mashine za kizamani, za biti thelathini na mbili, na mfumo wako ni wa sitini na nne. Viprogramu vya kizamani inavyovitegemea ndivyo havipo. Kompyuta inashindwa kulieleza hilo, inaishia kusema faili halipo."

"Kwa hiyo nifute nianze upya?"

"Usifute kitu, mkuu. Viongeze hivyo vya kizamani, vikae pamoja na vipya. Havigombani."

Nikaviongeza. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumatano. Twalha akaniambia printa ikishashindwa huwa inajisimamisha yenyewe, kwa hiyo niifungue kwenye kompyuta nibonyeze Endelea.

Nikabonyeza Endelea, na papo hapo umeme ukakatika.

Nikaitazama ile printa imezima taa zake. Nikasema basi, hata umeme umenichoka. Mpe Muataz vyake. Nikaenda jikoni kuchambua mchele, na mchele wenyewe siuoni kwa machozi.

Umeme uliporudi sikujua, mchana sikuwa nimewasha taa. Nilichosikia ni krrr.

Sasa tumefika pale nilipoutua ungo.

Mwisho miguu ilikubali. Nikafika mlangoni mwa chumba cha mbele. Karatasi mbili zilikuwa zimeshadondoka chini, ya tatu inatoka. Nikaokota ya kwanza.

"Mke wangu Biubwa. Daktari ameniambia moyo wangu hauko sawa. Sikutaka ulie mapema. Sitaki nikiondoka ukae barazani kungoja kuletewa sahani na ndugu zangu. Hiki chumba kitakuwa chako, na kazi yake yako. Nakuandikia kila kitu ukipate kwenye karatasi. Moja: printa ikigoma, angalia waya."

Ikaishia hapo.

Ya pili maneno yaleyale, chini kaongeza mstari. "Mbili: intaneti ichukue kwenye simu, kwa waya." Ya tatu kaongeza mwingine. "Tatu: nywila nimekubandikia chini ya printa."

Nikakaa sakafuni.

Nilielewa taratibu, karatasi moja baada ya nyingine. Kila alipojaribu kuitengeneza alikuwa akiandika alichofanya, anabonyeza chapa ili aone kama imekubali. Haikubali. Anaongeza neno, anajaribu tena.

Maelekezo ya kuitengeneza printa yalikuwa yamekwama ndani ya printa ileile, kwenye foleni, yanangoja mtu aitengeneze. Na kwa kuwa Azzan hakuhifadhi kitu maisha yake yote, betri ilipokwisha, hayakubaki pengine popote duniani.

Muataz angefuta kwa nusu saa, na wala asijue amefuta nini.

Zilikuwa ishirini na tatu. Karatasi ziliisha katikati, nikaongeza. Nyingine zina jina la draiva kalikosea, kalirekebisha kwenye inayofuata. Moja kaandika tu, "Leo Biubwa kaninunia. Ana haki." Kwenye inayofuata kaifuta.

Mwezi wote ule niliosema kanikimbia, alikuwa anaongea na mimi.

Ya ishirini na tatu ilikuwa ya Jumanne. Naijua kwa maneno yake.

"Tisa: inasema faili halipo na mimi naliona. Hapa nimekwama. Biubwa ataiweza, yeye hufumua mpaka aupate uzi. Leo kaniletea chai, hajasema kitu. Chai ilikuwa nzuri. Karatasi hii ikitoka, nampelekea mwenyewe jikoni."

Nililia mpaka adhana ya alasiri ikanikuta palepale sakafuni.

Halafu printa ikavuta karatasi moja zaidi. Foleni ni foleni, wa mwisho hutoka mwisho. Hiyo ilikuwa yangu, ule mstari wa jioni ya kwanza.

Niliandika, "Azzan, unanisikia?"

Nikaiweka chini ya zile zake ishirini na tatu.

Jumamosi Muataz alikuja na gari. Akasimama barazani, akasikia printa inafanya kazi ndani.

"Mkaza mjomba, nani yuko humo?"

"Nachapa mimi. Mitihani ya madrasa."

Akasogelea pazia. "Umewekewa Windows?"

"Linux ileile ya mjomba wako. Mwambie mama yako kompyuta haiji Msata. Na wewe ukitaka kadi za harusi zilizonyooka, nikishatoka eda uje, zamu yako utaipata."

Nikamsikia akicheka, safari hii kicheko cha kweli. "Umewezaje?"

"Nimefumua," nikamwambia.

Sasa natoka eda kesho. Msiniulize nitaanzia wapi, nadhani nitaanzia makaburini.

Yale maelekezo nimeyaandika upya, safi, na ya kumi nimeiongeza mwenyewe, ile ya vitu vya kizamani. Nimeihifadhi mara tatu. Azzan angenicheka.

Twalha juzi kaniuliza, "Mkuu, ilikubali?" Nikamwambia ilikubali, na kwamba mimi si mkuu, ni mjane wa Dunda. Kaandika, "Shikamoo mama." Ilikuwa salamu ya kwanza siku ile.

Ndugu zangu mliosoma mpaka hapa, chukueni moja la fundi na moja la mke. La fundi: kabla hujafuta chochote cha mtu, itazame kwanza foleni.

La mke: mtu akikwambia ahsante, muitikie, hata kama umenuna.