Fomu ya Thelathini na Mbili

Jumatatu moja asubuhi nilifungua kitabu kilichorudishwa, nikakuta mtu amefuta neno "paja."

Sio kwa penseli. Kalamu ya wino mweusi, mstari mmoja mnene, umelipitia neno zima.

Nikageuza ukurasa. "Ulimi." Limefutwa.

Mbele kidogo, "magoti." Nalo limefutwa.

Damu ikanipanda kichwani palepale.

Kabla hamjasema huyu mama ana hasira za karibu, ngoja niwaambie mimi ni nani. Naitwa Darlene. Ni mkutubi mkuu kwenye maktaba ya mji mdogo huku Nebraska, mji wa maghala mawili ya mahindi na makanisa manne. Miaka ishirini na sita nipo pale pale, nakunywa kahawa mbaya ileile.

Sijisifu, lakini nimefanya kazi. Gari la vitabu linalozunguka mashambani nililianzisha mimi, kwa sababu mtoto wa mfanyakazi wa machinjioni naye ana haki ya kushika kitabu kipya. Darasa la watu wazima wasiojua kusoma, kila Alhamisi kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, ni langu pia. Sheria yake niliiandika kwa mkono wangu: jina la mwanafunzi analijua mwalimu wake tu. Hata mimi siambiwi. Hapa kwetu mtu yuko radhi aonekane anatoka jela kuliko aonekane hajui kusoma.

Na siri ya msomaji ndiyo usiseme. Kuna mwaka sherifu, mkuu wa polisi wa huku, alikuja na kofia yake kubwa kuuliza fulani huwa anaazima vitabu gani.

Nikamwambia, "Lete karatasi ya jaji. Huna? Basi azima kitabu na wewe, ukae pale usome kimya."

Aliondoka amenuna. Hiyo stori nimeisimulia kwenye mikutano ya wakutubi mpaka wameichoka.

Sasa tuje kwa Royce.

Royce anauza mbegu na dawa za mashamba. Ana mabinti wawili, ana sauti nzito, na alikuwa ameshanijazia fomu thelathini na moja. Kila maktaba huku ina fomu ya mtu anayetaka kitabu kiondolewe. Unajaza, kamati inakisoma, bodi inaamua. Royce alizijaza kama anajaza bahati nasibu.

Swali la nne kwenye ile fomu linauliza, "Umesoma kitabu chote?"

Yeye kila fomu anajibu hivihivi: "Hapana. Nimesoma ya kunitosha."

Ya kunitosha! Mtu anataka kunyang'anya mji mzima kitabu ambacho yeye mwenyewe kimemshinda kumaliza. Nilikuwa nikilisoma hilo jibu najiuma ulimi. Miezi minane nimeacha kununua vitabu, nimeacha kusomea watoto hadithi, nashinda napanga makaratasi ya Royce. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawa namwota.

Na wiki ileile ya kitabu chenye wino, bodi ilikuwa ikutane Jumanne jioni kupiga kura. Thelathini na moja vibaki rafuni, au vitoke vyote kwa mkupuo. Nilishawahesabu wajumbe watano: wawili wangu, wawili wake, na mwenyekiti, mzee Marvin, ambaye huwa anafuata upepo.

Kwa hiyo muelewe nilikuwa katika hali gani.

Nikapekua rafu. Nikapata vitabu vingine vitatu, wino uleule. Jumla vinne, vyote riwaya za herufi kubwa, zile tunazowawekea wazee.

Corinne, msaidizi wangu wa kaunta, akachungulia begani kwangu. Corinne ni mpole, lakini ana macho.

"Umeangalia kurasa nyingine?" akaniuliza.

"Za nini? Hizi zimenitosha."

"Mbona ni herufi kubwa tupu? Vitabu anavyovilalamikia Royce ni vya vijana."

"Corinne, mama, usinitibue. Mtu anafuta paja na ulimi, unataka nisome hadi mwisho nimtafutie sababu?"

Akarudi kaunta.

Hapo ndipo nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu nianze kazi.

Mfumo wetu unafuta jina la mwazimaji kitabu kikisharudi salama. Lakini unabakiza jina la mwisho kwa ajili ya kitabu kikirudi kimeharibika, ili tumwandikie barua yeye peke yake. Nikakaa kwenye kompyuta. Nikafungua.

Cha kwanza: Royce. Cha pili: Royce. Cha tatu, cha nne, kadi ya Royce.

Nilicheka peke yangu mle ofisini kama mwehu. Nikasema, umekwisha, baba.

Jumanne ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Mtu alileta mikate ya mdalasini na hakuna aliyeigusa. Royce alisimama wa kwanza, kofia mkononi, akaongea kuhusu mabinti zake na yale ambayo wazazi wana haki ya kuyajua. Akapigiwa makofi na nusu ya ukumbi.

Zamu yangu ikafika. Nikapanda na vile vitabu vinne.

"Mimi sina maneno mengi," nikasema. "Naomba muangalie hiki." Nikafungua ukurasa wa kwanza wenye wino, nikauinua juu. "Na hiki. Na hiki. Hii ni mali ya umma. Mtu hakusubiri kura yenu. Ameshaanza kufuta mwenyewe, nyumbani kwake."

Ukumbi ukaguna.

Mzee Marvin akasogeza miwani. "Ni nani huyo, Darlene?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema, sheria hainiruhusu. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikisema hivyo.

Nikasema, "Vyote vinne viliazimwa kwa kadi ya Royce."

Watu wakageuka. Masikio ya Royce yaliiva kama nyanya. Mkewe alimshika mkono, naye akautoa taratibu.

"Royce?" mwenyekiti akamwita.

Royce aliangalia vile vitabu. Kisha akaniangalia mimi. Nilingoja matusi, na yangekuja ningeyafurahia.

"Ni kadi yangu," akasema. "Sina la kuongeza."

"Wewe ndiye umefuta?"

"Nimesema ni kadi yangu, Marvin."

Akavaa kofia, akatoka.

Kura tano kwa sifuri. Vitabu vibaki vyote. Na kadi ya Royce ifungwe miezi sita. Watu wangu wakanikumbatia, mmoja akalia. Mimi mwenyewe nilijiona kidume.

Corinne peke yake hakunipigia makofi. Wakati tunapanga viti akaniambia, sauti ya chini:

"Umetaja alichoazima mtu mbele ya kadamnasi, Darlene."

"Kitabu kilichoharibiwa, Corinne! Ni tofauti!"

"Sawa."

Hiyo "sawa" yake iliniudhi wiki nzima.

Siku tisa baadaye, nafungua sanduku la kurudishia vitabu, nakuta fomu.

Fomu ileile ya kulalamikia vitabu. Nikasema yaani huyu mtu hachoki? Ya thelathini na mbili!

Lakini mwandiko haukuwa wa Royce. Herufi zilikuwa kubwa, zimeachana, moja imeegemea kushoto nyingine kulia. Mtu alikuwa amekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka kidogo.

Jina la kitabu unacholalamikia: "Si kitabu. Ni wewe."

Umesoma chote? "Hapana. Na wewe hukusoma."

Sehemu gani imekuudhi? "Pale ulipotaja mwanangu. Yeye hakuandika. Ni mimi."

Unataka tufanye nini? "Nirudishie kadi. Siku za kitabu ziliisha nimebakiza kurasa arobaini. Sijui kama fundi saa anarudi kwa mkewe."

Chini: Arlys. Mama yake Royce. Mjane, miaka sabini na nne, anayeuza mayai Jumamosi na ambaye hupendi kubishana naye.

Nikarudi juu kwenye fomu. Kichwa chake kimechapwa "Ombi la Mapitio ya Kitabu." Juu ya neno "Mapitio" kulikuwa na mstari mweusi, mnene.

Nikaketi sakafuni, pale pale kando ya sanduku.

Kisha nikaenda kufanya nilichopaswa kufanya toka Jumatatu ile. Nikachukua vitabu vinne nikapitia kila ukurasa, nikasoma kila neno lenye wino.

Paja. Ulimi. Magoti. Na baada ya hapo: kisiwa. Jirani. Hospitali. Fundi bomba. Jumatano.

Jumatano! Ni nani mwenye akili zake anayetaka kuwakinga watoto na Jumatano?

Kwenye kitabu cha kwanza wino ulikuwa kila mstari. Kwenye cha nne, hata kabla ya zile arobaini ambazo hajazifikia, kurasa tatu nzima zilikuwa safi.

Haya yalikuwa ni maneno yaliyomshinda. Na aliyemwambia afute ni mimi. Kwenye darasa la Alhamisi kuna karatasi wanapewa wote siku ya kwanza, niliiandika mwenyewe miaka kumi na mbili iliyopita: Neno likikushinda, lipige mstari, songa mbele, umwonyeshe mwalimu wako Alhamisi. Nilikuwa namaanisha zile karatasi za mazoezi. Sikuandika hivyo. Niliandika tu, lipige mstari.

Nilikwenda kwake mchana uleule, nimeshika kile kitabu cha nne. Alifungua mlango na aproni kiunoni.

"Umekuja na kitabu au umekuja na maneno?" akaniuliza.

"Vyote, Bi Arlys."

"Kitabu kiweke mezani. Maneno nipe nikiwa nimekaa."

Nikamwomba radhi. Niliomba vibaya, nilijikanyaga, nikalia. Hakunibembeleza. Alinichotea bakuli la maharage ya pilipili, akaweka mkate wa mdalasini pembeni kama ilivyo desturi ya huku, akaniacha nile na machozi yangu.

"Mimi niliacha shule darasa la tatu," akasema. "Kulikuwa na viazi sukari vya kung'oa na wadogo zangu sita. Marehemu ndiye alikuwa ananisomea barua. Alipokufa nikaona barua zinarundikana hapo. Nikamwambia Royce, nipeleke kule kanisani, na ukimwambia mtu, hata mkeo, nakulaani."

"Ndiyo maana kadi ikawa yake."

"Ya kwangu ningeijazaje? Ina maswali kumi na moja."

"Angeniambia tu, Bi Arlys. Angeninong'oneza hata mlangoni."

"Aliapa." Akanitazama vizuri. "Yaani aache watu wamwite mharibifu, ndiyo. Amtoe mamake mbele ya ukumbi, hapana. Kwani wewe sheria yako inasemaje?"

Katika ukumbi ule mzima aliyeshika sheria yangu alikuwa Royce.

"Hayo niliyasikia saluni," akaendelea. "Nimewekwa rangi kichwani, siwezi hata kusimama, wanamcheka mwanangu. Nikarudi nyumbani. Fomu zako zimejaa jikoni kwangu, Royce anazimwaga kila mahali. Nikachukua moja. Nilikaa nayo siku tatu."

Mkutano uliofuata wa bodi nilisimama. Nikasema nilifungua rekodi ya msomaji na kuitangaza, kwamba aliyefuta hakuwa Royce, na kwamba aliyefuta simtaji hata mkinitoa kucha. Nikasema adhabu ya Royce ifutwe na yangu iandikwe. Wakanipa barua ya onyo. Ipo ukutani ofisini, kwenye fremu iliyokuwa na cheti changu cha utumishi bora.

Watu wangu walewale walionikumbatia walikasirika. "Sasa umempa nguvu!" mmoja akanifokea kwenye maegesho. Labda. Naelewa.

Kwa sababu msidhani Royce tumekuwa marafiki. Hanisalimii. Nikimkuta dukani kwake anamwita kijana wake anihudumie.

Na mwezi uliopita ameleta fomu mpya. Kitabu kipya, malalamiko yaleyale. Nilisonya mpaka Corinne akacheka. Nikaanza kusoma nikiwa nimekunja uso, hadi nikafika swali la nne.

Umesoma kitabu chote?

"Ndiyo. Chote. Mama amenisomea. Bado nataka kitoke."

Nimeipeleka kwenye kamati kama fomu nyingine yoyote, na tutakisoma hadi ukurasa wa mwisho. Nitampinga Royce kwa nguvu zangu zote. Ila safari hii tutabishana juu ya kitabu ambacho wote wawili tumekisoma, na sijui kwa nini jambo dogo hivyo linanifanya nitake kulia.

Somo langu ni fupi, na limeniuma kulipata. Ukijiona una haki sana, mpaka kusoma ukurasa wa pili unaona ni kupoteza muda, funga mdomo, kaa chini, usome. Hasa wewe unayelipwa kwa kazi ya kusoma.

Bi Arlys ameniruhusu kuisimulia hii, kwa sharti aisome yeye kabla yenu. Ameisoma jana, kwa sauti, meza ileile.

Amefuta neno moja tu. Alhamisi tutalishughulikia.