Jina la Mume wa Godavari

Godavari alikamatwa mlangoni mwa duka la pombe pale Satara, India, alikoketi kuwazuia wanywaji, kama wapigania uhuru walivyoagiza. Kituoni, afande akamuuliza jina la mumewe.

"Baba Madhav."

"Jina, mama! Jina lake!"

Alilelewa akijua mke hataji jina la mume, na ulimi wake ukagoma.

"Basi lala ndani, mkaidi wewe!"

Nje umati ukashangilia: shujaa, kagoma kuwajibu Waingereza! Godavari akasonya. Shujaa gani, na njaa inamuuma?

Jioni akafika mumewe, Dattopant, anayehubiri kila Jumapili kwamba mila hizo zifutwe.

"Mwanamke gani wewe! Nawahimiza wake za watu watutaje majina, we unaniaibisha! Ungenitaja tu, saa hizi ungekuwa nyumbani unapika."

"Haya, bwana, tumalize," afande akasema. "Mkeo anaitwa nani?"

Dattopant akakohoa. Akatazama dari, kisha viatu vyake.

"Mama Madhav."

Godavari akajilaza tena mkekani. "Afande, funga mlango. Na huyu mtafutie chumba chake."