Nongo ya Shingoni

Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato haijaingia, nyanya alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya jikoni akanisugua shingo. Alitumia sabuni ya kipande na lile jiwe la kusugulia visigino. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mnene, na nyuma ya shingo yangu palikuwa na ukanda mweusi ti, mzito, uliokwaruza kidole. Nyanya alikuwa na hakika kwamba ni nongo. Msichana kuingia kanisani na nongo shingoni ni aibu ya aliyemlea, na aliyenilea alikuwa yeye.

Sikulia. Waliotuona walinisifu kwa uvumilivu, wakakosea. Tangu tumzike mama mwaka uliotangulia, chini ya migomba ya kwetu nje kidogo ya Ogembo, nilikuwa nimekufa ganzi. Kusuguliwa, kusifiwa, kuchapwa, kwangu yote yalikuwa mamoja. Nyanya naye alinilisha. Chai ya maziwa iliyokolea sukari, mandazi, ndizi mbivu, kisha ugali, nami nikala vyote bila kuuliza wala kushiba. Majirani wakipita kwenda kuchuma majani chai walimpongeza kwamba yatima wake amenawiri. Kwetu mtoto mnene ni ushahidi, na nyanya alihitaji ushahidi.

Ijumaa moja jiwe likanichuna ngozi. Kufikia Jumatatu kidonda kilikuwa na usaha, na nyanya akanipeleka zahanati alfajiri, kabla hata ya chai, ili tuwahi foleni. Muuguzi alikuwa mgeni, mama wa Pwani mwenye Kiswahili kilichonyooka hivi kwamba nyanya alikaa kitako kama mshtakiwa.

"Daktari," nyanya alisema, maana kwake kila mwenye koti jeupe ni daktari, "hii mtoto inaoga, lakini shingo inakataa. Nipee dawa ya kutoa hii uchafu."

Muuguzi alikisafisha kidonda, akaupapasa ule ukanda mweusi. Akauliza kama nimekula. Nikasema la. Akanitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kijimashine. Niliitazama damu yangu kama ninayetazama ya kuku.

"Huu si uchafu, mwanangu," alisema. "Ngozi huwa hivi mwili unapoanza kushindwa na sukari. Nyumbani kuna aliyewahi kuugua kisukari?"

"Baba," nikasema.

"Pole. Basi mwambie mama aje wiki ijayo, nizungumze naye habari ya mapishi."

Hapo ndipo nilipong'amua nilichosema. Kwa Kikisii, baba ni mama. Baba wa Waswahili sisi tunamwita tata, na wa kwangu sikuwahi kumjua. Shuleni sikulikosea neno hilo hata mara moja. Insha zangu za Kiswahili zilisomwa mbele ya darasa. Lakini asubuhi ile ulimi ulirudi nyumbani bila kuniaga.

"Baba ni mama," nikasema.

Muuguzi alinikazia macho, nadhani akipima kama nimechanganyikiwa.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa na sukari. Alikuwa na kidonda mguuni kikakataa kupona. Alikufa."

Sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa lugha yoyote. Nyumbani tulisema alikuwa akiumwa mguu, tukaishia hapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi kifo kilikuja, kikamaliza kazi yake, na bado tukaendelea kuficha. Nilingoja nione kama nitaumia. Sikusikia kitu.

Muuguzi aliniwekea mkono begani. Alieleza polepole kwamba sukari yangu imepanda kuliko inavyotakiwa, lakini bado si kisukari, na kwamba ikishughulikiwa sasa inaweza kushuka. Soda niiache. Chai ninywe bila sukari. Ndizi mbivu moja, si kichana. Nitembee kila siku mpaka nitoke jasho, nirudi kupimwa. Na shingo, akamgeukia nyanya, isisuguliwe tena. Nyanya aliitikia kila neno kwa kichwa, jambo lililonionyesha kwamba hakuambulia hata nusu.

Tulipotoka nje aliniuliza kwa Kikisii, "Amesema nini?"

"Amesema ni sukari," nikamjibu, "lakini bado."

Kwa watu wetu, bado ni hapana iliyosemwa kwa adabu. Ukimuuliza mtu kama mwanawe ameoa akakujibu bado, unajua habari imekwisha, mnazungumza mengine. Nyanya alimshukuru Mungu kwa sauti pale pale barabarani. Akanishika mkono, akaniingiza hotelini, akaniagizia soda na mandazi mawili makubwa, ya kusherehekea.

Soda ilifunguliwa, ikawekwa mbele yangu. Mkono wangu uliifuata wenyewe, kwa mazoea. Kisha nikajisikia nikimwuliza nyanya kwa lugha ya nyumbani, "Magokoro, na baba aliambiwa bado?"

Aliacha kutabasamu. Mhudumu akaja, akautazama uso wake, akaondoka zake.

"Aliambiwa," alisema. "Akiwa msichana kama wewe. Na shingo alikuwa nayo. Nilimsugua."

Aliivuta ile chupa akainywa yeye, yote, huku amefumba macho. Soda ilikuwa ikimchoma pua na hakuipenda hata kidogo, lakini ilikuwa imeshafunguliwa. Akacheua, akapangusa mdomo kwa leso, akaniambia tuende.

Vijana wa boda boda walituita. Akawafukuza kwa mkono. Tukaanza kuupanda mlima kwa miguu, yeye mbele. Katikati ya mashamba ya chai pumzi iliniishia, nikaketi kwenye nyasi kando ya barabara. Nilimwambia atangulie. Nilisema sijali, kwamba liwalo na liwe, na nilimaanisha.

Nyanya alisimama bila kugeuka.

"Baba nilimzika mimi," alisema. "Mimi nitazikwa na nani?"

Nikainuka.