Mtungi wa Mama Pazia

Watu walimwita Mama Pazia kwa sababu ya kazi yake. Alishona mapazia ya shule, hosteli na nyumba za wageni, na kazi aliifuata ilipo, ndani ya basi dogo kuukuu ambalo yeye na mumewe, dereva mstaafu, waliligeuza nyumba. Nyuma kitanda, katikati cherehani, mbele jiko la gesi na friji ndogo iliyotumia gesi hiyohiyo. Mtungi ulikaa kwenye sanduku la chuma ubavuni mwa basi, lenye mlango wa nje na tundu sakafuni la kutolea gesi ikivuja.

Mwaka mmoja alishikwa na mafua makali. Akapona kila mahali isipokuwa pua. Tangu hapo hakusikia harufu ya kitunguu wala ya soksi za mumewe, na hili la pili aliliita fidia. Lakini gesi si soksi. Ikivuja, mwenzake angeinusa. Yeye angekaa papo hapo akiendelea kushona.

Basi akaamua kuipima. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya marobota ya vitambaa. Kila Jumamosi alifunga valvu, akautoa mtungi, akauning'iniza, kisha akapunguza uzito wa mtungi mtupu uliopigwa chapa kwenye chuma. Kilichobaki ndicho gesi. Haikupita miezi mingi akajua nyumba yake inavyokula: kama kilo tatu kwa wiki, na mbili kati ya hizo ni za friji.

"Mtungi huu unapimwa kuliko mtoto wa kliniki," mumewe alimtania.

Binti yao alipojifungua, waliegesha basi katika uwanja wa gereji ya jirani yake, wakalala kwa binti wiki nzima. Friji waliiacha ikiwaka, maana ilikuwa na nyama. Jumamosi asubuhi wakarudi. Mama Pazia akafunga valvu, akapima. Akapima tena.

"Baba, zimekwenda kilo tano."

"Si friji hiyo?"

"Friji haizidi mbili. Na jiko hatujaligusa."

Mumewe akaingia ndani, akanusa huku na huku kama paka jikoni. "Hamna kitu, mama. Mizani imezeeka kama sisi."

Angeweza kukubali yakaisha. Badala yake akatazama chini ya lile tundu la sanduku. Hatua chache tu kutoka pale palikuwa na shimo la gereji, lile la kukagulia magari kwa chini, na mchomeleaji alikuwa anateremka na mashine yake kwenda kuunga bomba la moshi.

"Wewe fundi! Usiwashe! Toka humo!"

"Kuna nini, mama?"

"Toka kwanza, tutaongea ukishatoka!"

Yule bwana akapanda akinung'unika. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hukimbilia chini kama maji. Mumewe akapiga magoti ukingoni mwa shimo, akainamisha kichwa. Aliponyanyuka, uso ulikuwa umembadilika.

"Imo," alisema.

Mchomeleaji akaitazama mashine iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini polepole, kama kitu cha kuazima.

Mama Pazia akakaa juu ya tairi kuukuu. Wote wakahamishwa mbali, hakuna aliyeruhusiwa kugusa swichi wala kiberiti, na shimo likaachwa wazi hadi upepo wa mchana ulipolisafisha. Ndipo wakaurudisha mtungi, wakafungua valvu kidogo, wakapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Pale mpira wa gesi ulipoungana na kichwa cha mtungi, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Mitikisiko ya barabara ilikuwa imeupasua mpira. Wakafunga valvu, wakanunua mwingine, wakapaka povu upya. Likatulia.

Mumewe alirudi dukani peke yake, akaleta kengele ya kugundua gesi. Akapanda kiti aifunge darini.

"Wapi huko?" mkewe akauliza. "Gesi itapanda ngazi?"

Akashuka, akaifunga karibu na sakafu. Nyama ilikuwa imeshaanza kulainika, kwa hiyo Mama Pazia akafungua madirisha, akawasha jiko na kuipika yote. Mchomeleaji aliletewa sahani ya kwanza.