Mume wangu, unyoya wa bata bukini na Shangazi

Jamani, leo nimetongozwa upya mbele ya umati, na Shangazi akisikia!

Okello wangu, ninayeishi naye hapa Hagsätra, Uswidi, yuko kwenye kikundi cha Waswidi wanaoigiza maisha ya kale. Yeye huandika barua kama za enzi za wafalme: unyoya wa bata bukini, wino, muhuri wa nta.

Leo walikuwa na maonyesho. Nikamvuta Shangazi kutoka mtaani kwake Norsborg, maana tangu tuoane hajamkubali Okello. Kila mara huniuliza, "Mwanamume mkimya vile atakupendaje?"

Kiongozi wao akamwomba Okello asome kwa sauti alichoandika.

Masikini, alikuwa ameandika kwa Kiswahili! Alidhani hakuna atakayeelewa; hakujua tumesimama nyuma.

Akasoma: "Malkia wangu wa Hagsätra, ukichelewa kutoka kazini, hata chai hainipiti kooni."

Waswidi wakapiga makofi kwa adabu.

Shangazi akapiga kigelegele!

Okello alipomwona, nusura aingie chini ya meza. (Na mimi kamera sikuitia filamu!)

Shangazi akamfuata palepale. "Mkwe, niandikie nyingine kama hiyo, nimpe mume wangu anisomee. Yule tangu anioe hajaniambia hata nusu yake."

Haya, mlioolewa, ninyi mmesomewa nini?