Nilitembea ufuko wa Luapula hadi Kasenga nikimkimbia mama mkwe wangu

Wakuu, salama zenu kutoka Lubumbashi.

Miye ni msomaji wa kimya humu. Miaka nakula nyuzi za wengine bila kuacha hata comment. Leo naleta wangu, na nitausema kama ulivyo. Pale nilipokuwa mjinga nitapaacha hivyo hivyo, msinitengenezee.

Kiswahili changu ni cha huku kwetu, Kifaransa kitaingia ingia. Mnivumilie.

Naitwa Didier. Kazi yangu ni kusuka upya mota zilizoungua, atelier yetu iko upande wa Karavia. Nimeoa. Au nilikuwa nimeoa, mtaniambia wenyewe mkimaliza kusoma. Bibi yangu anaitwa Béa. (Huku bibi ni mke, siyo nyanya, msianze kucheka mapema.)

Mwaka jana mama yake Béa aliugua vibaya. Anakaa Annexe, kule mwishoni kabisa mwa mji, ana shamba la mahindi nyuma ya nyumba. Béa akaenda kumuuguza. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukazaa mwingine. Miye nikabaki na nyumba, bukari (ugali wetu) nanunua, nguo nafua mwenyewe.

Siku moja akarudi kuchukua nguo zake zingine. Hasira ikanipanda. Nikamwambia mbele ya dada zangu:

"Kama mama yako iko mutamu hivyo, bakia kwake."

Akabakia.

Mama akapona, akarudi hadi shambani. Béa hakurudi kwangu.

Sasa mtauliza, si uende umchukue? Hapo ndipo penyewe. Kwetu sisi Baluba kuna kitu kinaitwa bukwe. Ni haya ya ukwe. Ninyi wa Dar nasikia mnakaa meza moja na mama mkwe mnacheka naye. Sisi hapana.

Mama mkwe humwangalii usoni. Humpi mkono. Huli mbele yake, wala huli kilichotoka mkononi mwake. Mkikutana njiani, weye ndiye unaingia kwenye majani mpaka apite. Jina lake hulitaji, naye lako halitaji.

Hiyo ni mpaka siku watakapokupikia kuku, wakakuita mezani mbele ya wazee, mkala pamoja. Toka hapo bukwe imefunguka, mnaweza hata kutaniana.

Mjini wengi wameacha hayo. Familia yetu bado. Babu alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, akaacha kijiji, akaacha shamba, lakini bukwe alikuja nayo. Baba akaishika, miye nikaipokea. Na kuku wangu mimi alikuwa bado hajapikwa. Kila mwaka tunasema mwaka ujao.

Kwa hiyo miye mwenyewe kwenda Annexe kumdai mke, haiwezekani. Anatumwa baba mdogo. Na baba mdogo wangu ni mtu wa "wiki kesho".

Hapo ndipo parokia yetu ikatangaza hija. Camion inawapeleka hadi kijiji kimoja juu ya mto, toka pale ni miguu tu, mnafuata ufuko wa Luapula siku kadhaa mpaka Kasenga, kwenye kijipango cha Mama Maria kinachotazama maji. Nikasema sawa, kama baba mdogo hana nafasi, nitampelekea Mama Maria mwenyewe shida yangu. Nikajiandikisha. Nia yangu ilikuwa moja, Béa arudi nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka niko juu ya camion, nimepata nafasi tamu karibu na kabini, mizigo imenizunguka kama kiti cha bosi. Naona mama mkwe anapandishwa.

Aliyekuwa anamshika mkono ni Mama Céline, kiongozi wa chorale, jirani yake kule Annexe. Miye nikaruka mizigo hadi nyuma kabisa, nikasimama pale njia nzima nakula vumbi. Bantu, yaani watu, walicheka: mukwe amekimbia! Hata miye nilicheka.

Walisema mama amekuja kushukuru kwa kupona. Nikakubali. Sikujiuliza zaidi ya hapo, na hapo ndipo ningepaswa kuanza kujiuliza.

Siku ya kwanza nilitangulia mbele. Mama alikuwa na fimbo, anatembea polepole, na kumfuata nyuma ningekuwa namtazama mgongo siku nzima, nayo si adabu. Basi nikakaza mwendo hadi nikawapita wabeba msalaba. Rozari nilikuwa naisikia kwa mbali nyuma yangu kama redio ya jirani.

Njia yenyewe nzuri, wakuu, siwezi kudanganya. Mto uko mkono wa kuume, mpana, na ng'ambo ni Zambia. Simu zinashika network ya kule, kila mtu anapokea ujumbe wa karibu Zambia wakati hajavuka hata dimbwi. Mahali pengine matete yanawasukuma mbali na maji, halafu mnatokea tena kwenye mchanga, mnakuta samaki wameanikwa juu ya vichanja na harufu inawapokea kabla ya watu.

Jioni miguu yangu iliwaka moto. Nililala kwenye kanisa la kijiji, upande wa wanaume. Nilijiona shujaa.

Siku ya pili ikaja habari ya chakula. Sufuria ni moja kwa wote, wamama wanapika, kila mtu anapewa sahani. Miye nikachukua yangu nikaenda kula nyuma ya kanisa, peke yangu, ukuta ukiwa kati yetu.

Sijamaliza, Mama Céline akaja na sahani nyingine. Samaki mkubwa, kipande cha mgongo, na bukari imefunikwa vizuri. Akasema hii inatoka mbele, mwenyewe ameipika pembeni kwa mikono yake.

Nilielewa "mwenyewe" ni nani. Nikamwambia amrudishie na asante nyingi, miye bado sijafunguliwa kula cha kwake. Mama Céline akasimama, akaniangalia kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Miye nilikuwa nimemaliza. Akarudi na sahani.

Wakuu, nililala na furaha usiku ule. Nilisema moyoni, mama ameona amemwozesha binti yake kwa mtu mwenye adabu.

Siku ya tatu tulikuta kijito kinachoingia Luapula. Daraja la magogo lilikuwa limeondoka na mvua. Maji yanafika kiunoni, siyo makali, lakini kwa mzee ni shida. Vijana na wanaume wakaanza kubeba wamama mgongoni, mmoja mmoja.

Wengine wote wakavuka. Upande wetu akabaki mama na fimbo yake, na mwanaume wa karibu naye ni miye.

Katekista aliyetuongoza akapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba kwenye njia ya Mungu hakuna bukwe, nimbebe tuendelee. Bantu wote wananitazama. Miye kumbeba mama mkwe mgongoni? Mikono yake shingoni kwangu? Nikaona aibu hadi masikio yakalia.

Nikaenda mbio hadi kwa mvuvi mmoja aliyekuwa anaparua mtumbwi wake, nikamwomba aje amvushe. Alikubali, lakini hakuwa na haraka. Mama alisubiri juani muda mrefu, ameketi juu ya kifurushi chake, kitambaa cha bluu kichwani.

Miye nilivuka kwa miguu; mama alipovushwa akapita karibu nami. Nikageukia majani. Nilisikia fimbo yake inagonga mchanga, ikasimama kidogo, ikaendelea.

Siku ya nne ndiyo inayonila mpaka leo.

Mchana tulipumzika, halafu kundi likaondoka. Miye nilichelewa kwa sababu ya malengelenge, nilikuwa nafunga kitambaa kwenye kisigino. Nikainuka, nikaanza kutembea haraka kuwafikia. Njia ikapinda kwenye matete, nikamkuta mama amesimama katikati ya njia. Peke yake. Amewaacha wenzake waende.

Nikateremsha macho. Nikatoka njiani nikaingia kwenye nyasi ili nimzunguke.

Akasema: "Didier."

Jina langu. Miaka yote hiyo ya ndoa sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake. Nikazidi kuinama, nikaendelea kuzunguka, nyasi zinanikata miguu.

"Didier, mwana wangu, ngoyako. Niko na neno."

Sikungoja.

Kabla hamjanirukia, acheni nieleze. Marehemu baba alikuwa anatuambia sisi vijana wake: mama mkwe mwenye akili atakupima. Siku moja atakuita uso kwa uso, aone kama utaitika. Ukiitika, anajua amempa binti yake mtu asiye na haya. Baba alisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoitwa hivyo sokoni, akapita kama kiziwi, na mama mkwe wake alimsifu kwa hilo hadi kufa.

Basi miye kwenye zile nyasi nilisikia mtihani. Nikafaulu. Nilifika kwa wenzangu natabasamu.

Jioni ile mama hakula. Walisema ni uchovu. Miye nikaomba rozari nzima kwa ajili ya Béa.

Kasenga tuliingia kesho yake kabla ya mchana. Mitumbwi, wanawake wa samaki wanapatana bei kwa sauti, camion zinapakia. Tukapita katikati yao tukiimba, watu wengine wakavua kofia. Kijipango kiko mahali pa utulivu, maji yako pale pale mbele.

Nilipiga magoti. Wakuu, niliomba kama sijawahi kuomba. Nilimwambia Mama Maria kwamba nimekosa kwa maneno yale, kwamba sijui njia ya kufika kwa Béa, anifungulie mlango wowote, hata mdogo. Machozi yalitoka mbele za watu.

Nikiwa bado pale, Mama Céline akaja akapiga magoti kando yangu. Akasema kwa sauti ya chini:

"Weye unalilia nini sasa? Mama alikuwa anafungua bukwe njia yote, weye unafunga."

Sikumwelewa. Akanieleza.

Béa alisikia kwamba nimejiandikisha kwa hija. Akamwambia mama yake: nenda naye, umtazame. Kama bado ananitaka, kama anajuta yale aliyosema juu yako, muongee, mle pamoja huko njiani, hakuna haja ya kungoja kuku na wazee. Mkirudi, mje wote wawili kunichukua.

Mama hakuja kushukuru kwa kupona. Alikuja kwa ajili yangu, na miguu ile ya mgonjwa.

Yule samaki alikuwa ndiyo kuku wangu. Pale kijitoni alikuwa tayari kubebwa, alishamwambia katekista. Na siku ile kwenye matete alitaka kuniambia kwamba neno nililomtukania amelisamehe, nisilibebe tena.

Nikauliza yuko wapi. Mama Céline akasema ameondoka na gari la samaki, hakutaka kungoja camion yetu.

"Alisema hivi: niliita mara mbili. Jibu nimeliona. Huyu mutoto bado ananichukia."

Nilikimbia hadi barabarani na kisigino changu kile. Gari lilikuwa limeshakwenda.

Nilipofika Lubumbashi sikumngoja baba mdogo. Nilimpigia Béa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kila kitu, mpaka hadithi ya marehemu baba. Halafu akasema nilipokuwa na hasira nilijua kumsema mama yake bila haya yoyote, haya imekuja lini? Wiki ile ile akaenda Kolwezi kwa shangazi yake. Amepata kazi huko.

Nilikwenda Annexe mwenyewe, mchana, peke yangu, bila mjumbe. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikasimama mlangoni mwa ua, nikainua macho, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana sura ya Béa kabisa, sikujua.

Nikamwita: "Mama."

Akaacha mahindi. Akavuta kitambaa chake kikafunika uso, akainuka polepole, akaingia ndani, akateremsha pazia la mlango.

Ndivyo anavyofanya mama mkwe mwenye heshima anapomwona mukwe wake. Hakuna mzee yeyote atakayemlaumu. Nilisimama pale nusu ya mchana na mahindi yake yakiwa chini.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia sana. Heshima wametuwekea wakubwa ili tusiumizane. Ukiona muntu mwenyewe ameiweka pembeni ili akufikie, ujue ana jambo zito. Itika kwanza. Mkiwa mmekosea adabu, mtaombana radhi baadaye, mkiwa pamoja.

Wakuu Baluba wa kaskazini, Wabemba wa ng'ambo, na yeyote aliyeoa kwa watu wenye bukwe: mama mkwe akishateremsha pazia, nani ana haki ya kuliinua? Je, natuma wazee, au naendelea kwenda mwenyewe? Msiniambie nioe mwingine, hilo dada zangu wameshalisema.

Wa kunitukana pia karibuni, nitasoma zote. Ila mwenye jibu aanze, kwa sababu mama anazeeka, na miye kila Jumapili baada ya misa niko pale mlangoni mwa ua wake.